Zamu ya Alute

Mungaa, 8 Desemba 2024

Mama mdogo Rahel,

Shikamoo. Nimetii amri. Ulisema ujumbe wa sauti hutaki kuusikia tena, kwamba anayetaka kutengeneza tovuti lazima azoee kuandika akaeleweka, basi nikuandikie barua pepe kama mtu mwenye adabu na niweke tarehe. Haya, tarehe hiyo hapo juu.

Kompyuta yako ya zamani imefika salama. Boda aliyeitoa njia panda aliifunga kwa mpira juu ya gunia la mashudu, nikadhani nitapokea vipande. Inawaka vizuri. Mama ameivisha kitambaa cha kufuma, kile kilichokuwa cha redio, na wageni wakija anakifunua kidogo wachungulie.

Sasa habari yenyewe. Baba amekubali nijifunze, ila ametoa sharti. Amesema hivi: "Nakupa msimu huu mmoja. Tunapanda alizeti, tunapalilia, tunavuna. Alizeti ikiingia ndani na wewe hicho kidude hakijakupa kazi ya kueleweka, unakwenda Issuna kukaa dukani kwa Leonard." Unamjua baba mdogo Leonard. Anauza misumari, kanga na dawa za kupe, na kutwa anagombana na wateja. Mimi nikiingia lile duka ndiyo nimeingia. Miaka itapita nikiwa bado nyuma ya ile kaunta, nimeshakuwa mkali kama yeye.

Kwa hiyo nimepanga malengo. Mpaka mavuno nitakuwa nimejua HTML, CSS, JavaScript, Python, PHP, kutengeneza programu za simu, usalama wa mitandao, akili bandia na Kiingereza cha ofisini. Nimeyaandika kwa kalamu nyekundu nikayabandika ukutani. Naomba baraka zako.

Mwanao,
Alute


Itigi, 11 Desemba 2024

Mwanangu Alute,

Marahaba. Malengo yako nimemsomea mume wangu Philipo akiwa anavaa viatu aende kazini stesheni. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza kama na treni utajifunza kuiendesha.

Bandua hiyo karatasi. "Kujua HTML" si lengo, kwa sababu hutajua lini umejua. Lengo ni kitu ambacho kikiisha unamwonyesha mtu na anakiona. Nimewaona vijana wengi wakionja kila somo na kuliacha, mwaka ukaisha hawana hata ukurasa mmoja wa kujivunia. Sitaki uwe mmoja wao.

Nakupangia mimi. Kwanza, tengeneza ukurasa wa kikundi cha mama yako cha kukamua alizeti: ni akina nani, wanauza nini, wanapatikana wapi. Hiyo ni HTML, ndiyo mifupa ya ukurasa. Pili, uuvalishe nguo kwa CSS, na uhakikishe unasomeka kwenye simu ndogo, maana wateja wa dada Rebeka hawana kompyuta. Tatu, mteja akibonyeza aina ya mafuta aone maelezo yake. Hapo ndipo utaigusa JavaScript. Mengine yote yatasubiri, hayaendi popote.

Ofisi ya Dodoma ninayoifanyia kazi nikiwa hapa nyumbani huchukua vijana wa kujifunza kazini mwezi wa nne na mwezi wa nane. Wanalipwa posho, na anayefanya vizuri anaajiriwa. Ukiyamaliza haya matatu mapema, nitalipeleka jina lako. Ujue litakwenda limeshikana na langu.

Ukikwama, niandikie umekwama wapi hasa. Usiniandikie "inagoma".

Mama yako mdogo,
Rahel


Mungaa, 19 Januari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Ukurasa umetokea! Nimemwita mama akiwa anapepeta uwele, akaja na ungo wake. Alipoona "Mwenyekiti: Rebeka Mughwai" akauliza nani kawaambia. Nikamwambia ni mimi, akarudi kupepeta akiwa anaimba.

Ila nguo zinanishinda. Nikiuvalisha ukurasa huku, zinavuka kule. Picha ya mashine ya kukamulia inakaa juu ya namba ya simu, nikiisogeza, kichwa cha habari kinakwenda chini kabisa. Na huku ni kupalilia tangu asubuhi, nikishika kompyuta nasinzia kwa uchovu. Naona siku zinakimbia, naiona kaunta ya Issuna hiyo inakuja.

Lakini usiwe na wasiwasi. Nimepata njia ya kumaliza.

Alute


Mungaa, 23 Februari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Tayari! Yote matatu. Anwani ya tovuti nimeiweka hapo chini. Ifungue kwenye simu, ifungue kwenye kompyuta, ibonyeze utakavyo. Niambie kama nimeweza.

Alute


Itigi, 24 Februari 2025

Alute mwanangu!

Nimeifungua kwenye kila simu iliyomo humu ndani, hadi ya jirani. Inapendeza! Zile picha tatu zinavyojipanga, na mafuta yanavyojieleza ukibonyeza, sikutegemea kuviona mapema hivi. Nimekaa naitazama, machozi yakanilenga. Mtoto wa dada yangu, kutoka Mungaa.

Jina lako nimeshalipeleka asubuhi hii. Mchujo ni mwezi wa nne, kwa njia ya video, na utakuja kuufanyia hapa kwangu ambako mtandao haukatiki ovyo. Anza kumzoeza baba yako habari njema.

Rahel


Mungaa, 2 Machi 2025

Kwako Shemeji Rahel,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa dada yako. Sisi hatujambo. Mvua ilituacha kidogo ikarudi, na alizeti imeanza kutoa vichwa. Barua hii nampa kondakta wa basi, maana hayo mambo ya barua pepe mimi na simu yangu ya kitochi hatuyawezi.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kama mtu mzima. Hii kazi ya Alute ni kazi? Namwona anakodolea kioo, anaandika, anafuta, anajisemea peke yake. Nilishadhani ameshindwa. Ila mwezi uliopita alifanya jambo likanifurahisha. Alialika watu kama sisi tunavyoalika kulima. Alikuja Lucy, yule binti aliyesoma kompyuta chuoni, mwenye duka la kuchapa pale Ikungi, na Miraji wa Ilongero anayepiga picha za harusi. Nikachinja beberu. Rebeka akapika, Alute akawa anapeleka maji, anaongeza mchuzi, anawachangamsha kwa maneno. Wale vijana wakaingia kazini kutwa, jua linazama wamemaliza. Nikasema, kumbe kazi hii nayo inalimika! Nilimwona mwanangu ni mtu anayejua kuishi na watu.

Lakini mimi haniambii kitu. Kama unaona ataweza, niambie. Sharti nililompa ni gumu, nalijua, na tangu nimelitoa sina raha nalo. Usimwambie kwamba nimeuliza.

Mughwai


Itigi, 9 Machi 2025

Alute,

Nimepata habari ya siku ya beberu, na usiniulize nimeipata kwa nani. Zile picha tatu alizipanga nani? Vile vitufe vya mafuta aliviandika nani? Wewe siku hiyo ulishika nini zaidi ya sufuria ya mchuzi?

Kwenye mchujo watakukalisha mbele ya kamera, wataifungua tovuti "yako", watasema hamisha hiki kiende pale. Utamwita Lucy? Au utawaongezea nyama?

Niliwaambia watu ninaofanya nao kazi kwamba mtoto wa dada yangu ameifanya kwa mikono yake. Niliwaambia kwa majivuno. Nimeona haya, Alute, na zaidi ya haya nimeumia. Kwa nini ulinidanganya?

Rahel


Mungaa, 10 Machi 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikaisoma tena, na sijakuelewa. Mimi sijakudanganya.

Wewe si ulizaliwa hapa hapa? Babu alipoalika watu kulima, ule mtama ulikuwa wa nani? Hakuna aliyewahi kusema ni wa Mzee Fulani kwa sababu alilima matuta mengi. Ulikuwa wa babu. Yeye ndiye aliyealika, ndiye aliyelisha watu, na zamu za wenzake zilipofika alikwenda. Mwenye shamba siku ile halimi, anahudumia. Mimi nimefanya hivyo hivyo, mbele ya baba na mama, mchana kweupe. Mtu anayeiba hachinji beberu.

Na sijala cha bure. Nina zamu zao. Jumamosi hii nakwenda kwa Lucy, anatengeneza tovuti ya wafuga nyuki.

Umeniita mwongo, mama mdogo. Neno hilo limenikaa vibaya.

Alute


Mungaa, 16 Machi 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Nisamehe maneno ya barua iliyopita.

Nilikwenda kwa Lucy. Tulikuwa wanne, kila mtu na kipande chake. Mimi nilipewa rahisi kuliko wote: picha za mizinga, nizipange mstari mmoja, na kwenye simu zishuke moja chini ya nyingine. Kama zile za kwetu. Nikafungua ukurasa mtupu, nikautazama, nao ukanitazama. Nilikumbuka jinsi zilivyopendeza, lakini sikujua zilifikaje pale. Nikaona niende nikalete maji. Nikarudi, nikapiga hadithi, watu wakacheka. Nikaenda kutafuta chaja ambayo hakuna aliyeihitaji. Mwishowe Lucy akaniambia, taratibu tu, bila hasira: "Kaka Alute, hatukukualika kuja kuchekesha watu. Zamu yako bado." Kipande changu akakifanya yeye, na nilitamani ardhi ipasuke.

Nimerudi na boda nikiwaza njia nzima. Babu alialika watu akiwa na mikono yenye sugu. Wote waliokuja kwake walijua kulima, naye alijua kwao. Mimi nimealika watu kabla sijajua jembe linashikwa wapi, halafu nikakuletea mavuno nikisema tazama. Hapo nimekosea, na wala siku ile sikuona.

Naomba uliondoe jina langu. Kama haliondoki, nitawaambia mwenyewe siku hiyo ya mchujo. Na nimeandika lengo jipya, moja tu: picha tatu, mstari mmoja, kutoka ukurasa mtupu, bila kuchungulia kokote, halafu nimweleze Lucy kila mstari wa msimbo nilioandika na kwa nini uko pale. Nikilimaliza hilo ndipo nitaandika lingine.

Alute


Itigi, 18 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nami nisamehe. Nilikuita mwongo kabla sijauliza.

Ofisini nimeshawaambia. Niliwapigia siku ile ile niliyokuandikia kwa hasira, nikaogopa kukutajia. Hawakukufukuza. Wamesema mwezi wa nne haitawezekana, uje wa nane na kazi ya mikono yako, hata kama ni ndogo na mbaya.

Na nikueleze jambo ambalo hasira ilinizuia kulisema. Kazi yetu hii hakuna anayelima peke yake. Kila siku nafungua msimbo ulioandikwa na mtu wa Mwanza, nauendeleza, kesho wa Arusha anarekebisha nilipokosea mimi. Kualikana kwako si kosa. Ukija na jembe lako, tutafurahi kuwa na wewe.

Najua mwezi wa nane ni baada ya mavuno. Nimwandikie baba yako?

Rahel


Mungaa, 20 Aprili 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Usimwombe baba. Neno lilikuwa msimu mmoja nami nilikubali nikiwa na akili zangu timamu. Sitaki aonekane mtu wa kubembelezwa.

Picha tatu zimekubali. Lilikuwa jambo dogo, na nimelala na furaha kama niliyepewa ng'ombe. Nimekwenda Ikungi nikamweleza Lucy mstari kwa mstari. Sehemu moja nilikwama, akaningoja kwa makusudi mpaka nikakumbuka mwenyewe. Halafu akanipa kazi ya siku nzima, na jioni akasema zamu yangu kwake nimeilipa. Nimebakiza ya Miraji. Lengo la sasa ni ule ukurasa wa mama, nauandika upya wote.

Alute


Issuna, 8 Juni 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Alizeti imeingia ndani, nami niko Issuna kama ilivyosemwa. Baba alinisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokuja akanipa mkono, akaushika muda mrefu.

Baba mdogo Leonard ni yule yule. Jana amegombana na mteja aliyekuja kulipa deni, eti kwa nini amechelewa kuja kulipa. Duka likikosa watu nafungua kompyuta juu ya kaunta, ananiuliza kama nauza misumari au nauza macho. Simjibu vibaya, naendelea tu. Ukurasa wa mama umekamilika. Mama mdogo, ni mbaya kuliko ule wa Lucy, rangi zake zinagombana, lakini hakuna mstari nisioujua. Sasa nasoma namna ya kuufanya ufunguke haraka pale mtandao ukiwa dhaifu.

Sitakudanganya kwamba siumii. Vumbi la mitaa ya hapa nimeshalizoea, na kulizoea huko ndiko kunakonitisha. Mwezi wa nane sioni nitaombaje ruhusa.

Alute


Itigi, 12 Juni 2025

Shemeji Mughwai,

Shikamoo. Mwezi wa tatu uliniuliza kama Alute ataweza, nikanyamaza. Uniwie radhi. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa sijui, na sikutaka kukupa jibu la kukufurahisha.

Siku ile ya beberu kazi haikuwa yake. Ilikuwa ya Lucy na Miraji, na yeye mwenyewe alikuja kuelewa baadaye, alipokwenda kulipa zamu akakuta hajui kitu. Aliniandikia akakiri bila kulazimishwa. Akaanza upya, kidogo kidogo, wewe ukimwona anakodolea kioo. Ofisi yetu iko tayari kumpima tena mwezi wa nane. Amenikataza nisikuombe kitu, kwa hiyo sikuombi. Nalijibu swali lako tu: ataweza.

Msalimie dada.

Rahel


Mungaa, 22 Juni 2025

Kwako mwanangu Alute,

Salamu. Mama yako hajambo, ila anasema nyumba imekuwa kimya.

Mama yako mdogo amenieleza mambo yako yote, na juzi Lucy alipita hapa akitafuta mafuta. Nikamuuliza juu ya zamu yako. Akasema umeilipa vizuri, na kwamba siku hizi akikwama huwa anakupigia wewe simu. Nikainama kumpimia mafuta ili asione nilivyofurahi.

Mimi nilikupangia siku ya mavuno ya mbegu nisiyoijua. Mtama naujua, alizeti naijua, hii yako siijui inakomaa lini, na sikuuliza. Nilikuwa naogopa usije ukazeeka kwenye kioo huna mbele wala nyuma. Woga wangu ndio nikaufanya sharti.

Sasa neno langu nalirudisha. Nimewaambia hata wazee wenzangu, wakitaka kucheka wacheke. Leonard atafute mtu mwingine, nimeshampigia, amegombana na mimi kama kawaida yake. Nenda Itigi kwa mama yako mdogo ukajiandae. Ukikosa mwezi wa nane, rudi nyumbani tupange tena, mimi na wewe.

Ila safari hii nami nijue unalolifanya. Tumekula sahani moja msimu mzima, na habari zako nimezipata kwa shemeji. Niandikie na mimi.

Baba yako,
Mughwai


Itigi, 21 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu ili nimpe kondakta, na naandika kwa haraka, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Mchujo umekwisha sasa hivi. Walikuwa wawili, mama mmoja na kijana mmoja, kwenye kioo. Waliufungua ukurasa wa kikundi cha mama, kijana akasema hizo rangi umezichagua gizani? Nikasema ndiyo, nitazibadilisha, nikazibadilisha wakiwa wananitazama. Wakaniambia nihamishe namba ya simu iende juu, nikahamisha. Kisha yule mama akaniuliza jambo ambalo sijawahi hata kulisikia. Zamani ningeleta hadithi za kuchekesha. Nilimwambia hili silijui, ila ningeanza kulitafuta hapa, na nikikwama ningemuuliza mwenzangu na kumwambia nimekwama wapi. Akaandika kitu, akamtazama mwenzake.

Mama mdogo yuko nje ya mlango, nasikia kandambili zake zinakwenda zinarudi. Hajui bado. Kabla barua hii haijafika kwako atakuwa ameshampigia mama simu na kijiji kizima kitakuwa na habari, lakini nataka ujue kwamba wewe ndiye niliyekuambia kwanza.

Wamenichukua, baba. Naanza tarehe mosi Septemba.

Ngoja nikamfungulie mama mdogo mlango.

Mwanao,
Alute